Simu Yenye Njaa

Mama Zuhura mke wangu, amahoro, yaani amani, kutoka Rumonge, ambako hata jasho langu linanuka mawese.

Simu yangu, yenye ile picha ya mtoto uliyonitumia kabla simu yako haijaibwa, iligoma kuwaka. Nikaona basi, binti nisiyewahi kumshika nimempoteza hata kwa macho. Nikaipeleka kwa Mariamu, fundi simu wa hapa bandarini.

Akasema kumbukumbu ya simu ina vyumba vibovu tangu kiwandani, na vya akiba vya kuvishikia nafasi. Kila ikiwaka, taarifa ya vyumba vibovu hupita mkono kwa mkono hadi kwenye kumbukumbu ili vya akiba vitumike, hatua moja kwa kila mpigo, kama sisi wapakuzi tunavyopokezana madumu kwa makofi ya msimamizi.

"Sasa betri iko na njaa, wewe unawasha tu! Mustari unakatika katikati. Muharibifu ni wewe, papa!"

Akaichomeka kwenye umeme, akanifukuza nikale ndagala, dagaa wa huku. Niliporudi ilikuwa inawaka, na mtoto yumo, amenuna.

Mariamu akamtazama. "Mungu murakoze, asante, hafanani na wewe."

Mbusu huyo mnunaji. Mlale salama, mbu niachieni mimi.

Mumeo, Saidi