Farasi Niliowanyamazia

Rubaya

Dada Faida,

Kuna jambo ambalo huku analijua mtu mmoja tu, na nisipoliandika kwanza nitaogopa na kulificha. Nilidanganya mbele ya watu. Nilisema kwamba shuleni hatukufika kwenye somo la Wahispania waliovuka bahari kwenda Amerika. Wewe unajua tulifika. Nilikuwa na malaria siku ile, na ni wewe uliyeninakilia somo lote kwenye daftari, hata ukachora meli.

Sasa nikusalimu. Mguu wa Mama umepona? Papa bado anakohoa asubuhi? Mihogo ya upande wa mto mmeshaing'oa, au bado mnaogopa kwenda kule? Mimi ni mzima. Huku Rubaya matope yanafika kwenye vifundo vya miguu. Asubuhi tunauza maharagwe yaliyopikwa kwa wabeba mizigo wanaoshuka kutoka machimboni. Bado naona haya kuita wateja, basi Mama mdogo anaita, mimi napakua.

Unakumbuka jinsi Baba mdogo alivyokuwa akinywa. Alipokimbilia Goma alibatizwa na Wamormoni, na dini yao inakataza pombe. Tangu hapo hajagusa hata kasiksi ya ndizi. Mama mdogo aliniambia, "Kile kitabu mimi sijue kukisoma. Lakini tangu kiingie mu nyumba, meno yenye ilibakia iko salama." Alicheka akijiziba mdomo pale penye pengo.

Jumamosi alasiri Baba mdogo huwa anabishana dukani kwa Papa Kasereka, Mkatoliki aliyetoka Butembo. Kitabu cha Wamormoni kinasema watu walitoka Yerusalemu kwa merikebu, wakafika Amerika zamani sana kabla ya wazungu, na habari zao zikaandikwa kwenye plake, yaani vibao vya dhahabu, ambavyo baadaye mtu mmoja alivifukua, akawakimbia wezi navyo mkononi.

"Plake gani?" mbeba mizigo mmoja aliuliza. "Ya pikipiki?"

Watu walicheka. Mwingine akauliza, "Na muntu alikimbia nayo mukononi? Zahabu? Aje atusaidie kushusha mizigo."

Baba mdogo hakukasirika. Alikasirika pale Papa Kasereka alipofika kwenye habari ya farasi. "Kitabu yako inasema kule kulikuwa farasi. Farasi ilipelekwa na Wahispania. Nilisoma hiyo kwa mapadri."

"Uongo."

"Uliza mutoto wako. Njo yeye iko na diplome."

Baba mdogo aliniangalia. Kisha akachukua chupa ya bia kutoka kwenye meza ya duka, akaisimamisha mbele yangu. "Sifa, sema. Kama farasi haikukuwa kule, kitabu iko uongo, na mimi nakunywa hii hapa hapa."

"Muache mutoto," Papa Kasereka alisema. Hakuwa anacheka tena.

"Aseme."

Dada, mimi hata darasani nilikuwa sinyooshi mkono. Vidole vyake vilishika shingo ya chupa. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na sufuria yake, hakuja karibu, hakurudi nyuma. Nikasema, "Hatukufika kwenye somo hilo. Shule ilifungwa sababu ya vita."

Hakuna aliyebisha. Nani hapa angebisha? Papa Kasereka aliirudisha chupa mahali pake, akanipa pole kama mtu aliyefiwa. Hilo ndilo linaloniuma. Wapo watoto ambao kweli hawakufika, na mimi nimetumia msiba wao.

Wiki iliyofuata Papa Kasereka aliniletea kitabu chake cha zamani cha historia. "Umalizie yenye vita ilikukatia." Baba mdogo akataka nimsomee kila alasiri akirudi kutoka kilimani, kuanzia ukurasa wa kwanza. Siku zilivyokwenda niliona somo lile linakaribia. Nilifikiri kuzifungua kurasa mbili pamoja ili nilipite.

Jana tulilifikia. Mama mdogo alikuwa amekwenda kuchota maji. Nilisoma: Wahispania walishusha farasi pwani, na wenyeji hawakuwa wamewahi kuona mnyama wa namna hiyo.

"Soma tena," alisema, akiendelea kukwangua matope kwenye mabuti yake.

Nilisoma tena.

"Ulijua?"

"Ndiyo, Papa mudogo."

Alikwangua buti la pili mpaka nikatamani anigombeze. "Na mimi nilijua unajua," akasema. "Njo maana nilikuuliza weye. Siku ile nilikuwa na hamu ya kunywa tangu asubuhi. Nilitafuta muntu wa kunipa ruhusa."

Nilimuuliza kama bado anakiamini kitabu chake. Alisema Jumapili atasali kama kawaida, lakini hakuniangalia. Leo amechelewa kurudi. Mama mdogo amechungulia barabara mara tatu, na hajui kwa nini mimi pia nachungulia.

Nisalimie Mama sana, na Bibi anayenidai nimwandikie kwa herufi kubwa, na shemeji anayetunza mbuzi wangu, na mwalimu wa kwaya.

Dada, nakuomba, barua hii usimpe Papa. Ukimsomea, msomee ya matope na maharagwe tu. Unamjua kama ninavyomjua: atampigia simu mdogo wake, atamcheka habari ya farasi, na Baba mdogo atakuwa amepata ile ruhusa. Ibaki kwako.

Mdogo wako,
Sifa