Shikamoo Mbili za Asnath

Piii! Piii! Piii! Adriano, ule mlio bado uko masikioni mwangu.

Asnath alikuwa peke yake kijijini Mpui, anapima mashamba. Mimi nilikuwa zamu ofisini. Unakijua kile kidude chake cha dharura cha shingoni: akianguka kinalia huku kwangu, nasikia kila kitu, na huko wananisikia. Na unajua tunavyomcheka, maana kila akipiga goti kuamkia wazee kinadhani ameanguka.

Basi kikalia. Nikasikia, "Shikamoo baba." Nikamjibu kwa vina, mshikaji: "Marahaba mrembo, inuka utupe mambo!" Ofisi nzima ikacheka. Nikakata.

Nikakata, Adriano!

Kikalia tena. "Shikamoo baba," sauti inatetemeka. Halafu mwanamume: "Magoti ya nini tena? Hao wenzako hawaji!"

Kumbe huyo mwanamume alikuwa na panga. Ana ugomvi wa mpaka na jirani, hataki shamba lipimwe. Alimwamuru Asnath ainue mikono juu, asiguse kidude. Ndipo Asnath akapiga goti makusudi, kilie chenyewe. Mara mbili! Ya kwanza mimi nikaitungia shairi.

Nikampigia mtendaji wa kijiji. Akafika mbio na wanakijiji, wakamnyang'anya panga.

Asnath ameletwa ofisini sasa hivi, hana hata mkwaruzo. Hakunitukana. Kasema tu, "Ulipocheka, na yeye alicheka."

Afadhali angenizaba kofi. Nimesimama mbele ya wote nikamwambia: "Dada Asnath, kikilia hata mara mia kwa siku, sikati mpaka uniambie mwenyewe kwamba uko salama."