Giga Nane za Baba Rukia

Jumanne. Mvua ya asubuhi imeacha tope mpaka mlangoni, na mimi nimerudi kutoka mjini nimejaa dharau.

Tangu nitoke eda, leo ndiyo mara ya kwanza kuibeba kompyuta ya marehemu mume wangu kwa fundi. Baba Rukia alikuwa akipiga video za harusi. Kabla hajafariki aliongeza memori ikafika giga nane, ili video zisikwame. Kompyuta inaonyesha tatu na kidogo. Nilitaka tu kujua nyingine ziko wapi.

Fundi alitazama kioo kama anayetazama samaki wa juzi.

"Pole mama. Mzee alipigwa. Hizi feki. Niachie hapa, nikuwekee nyingine."

Alipigwa!

Mtu aliyenawa kwa limau kila akila samaki, asije akachafua kibodi. Mtu aliyerudisha betri dukani kwa sababu lebo ilikaa upande.

"Izime, mwanangu," nikamwambia. "Iwashe tena, utazame pale mwanzo kabisa."

Kabla mfumo haujaamka, maandishi meupe yalipita kwenye kioo cheusi: 8192. Kwa megabaiti, ndizo giga nane.

"Aa, ya mwanzo hiyo inadanganya, mama."

Haya hana.

Baba Rukia alinieleza haya siku moja akikunja nyaya zake. Kompyuta ikiwaka, kwanza hujikagua yenyewe, kisha huukabidhi mfumo ramani ya memori yote iliyomo. Mfumo wake ni wa zamani, wa biti 32. Namba zake za anwani huishia giga nne, na baadhi huzigawia vifaa vingine. Ni kama kugawa vibao vya namba kwenye nyumba za Mapinga: vibao vimekwisha, nyumba bado zipo, na mgawaji anasema hakuna nyumba.

"Nitaubadilisha baada ya mfungo," alisema. Mfungo haukumkuta.

Mfumo naudharau, lakini angalau haukumsema marehemu.

Nimeibeba kompyuta yangu nikaondoka. Fundi akaniita, "Mama, usikasirike basi!" Sikugeuka.

Hakupigwa. Zote nane zimo.

Mfumo mpya utafutilia mbali kila kitu kilichomo, kwa hiyo kesho nitanunua diski ya nje, nihamishe harusi zake zote kwanza, mwenyewe, moja moja. Halafu uwekwe mfumo unaoweza kuhesabu alichokiweka.

Leo kompyuta siigusi. Nimekula dagaa, na limau limekwisha.