Shangazi Aliyechorwa Nukta

Nyinyi mko hai kweli? Tangu Idi hakuna aliyeniandikia shida yake, nami Bibi Tufool wenu nimekaa hapa Ibra, Omani, nafikiri labda nyote mmepatana na wakwe zenu. Uongo mtupu! Mnagombana kama kawaida, ila mmepata wa kumwambia kwenye simu, mimi mmenitupa. Haya, mmoja kanikumbuka. Nimesomewa barua yake mara mbili. Ya kwanza nilicheka mpaka nikashika mbavu, ya pili sikucheka. Ipokeeni na nyinyi.

*Bibi Tufool wangu, shikamoo. Nishike mkono, maana nimeharibu mwenyewe na sijui nianzie wapi kutengeneza. Naitwa Fatin, kwetu Ibra, nasoma chuo Nizwa, na jina langu litaje tu, picha yenyewe imeshafika mpaka kwa jamaa zetu wa Sur.*

*Bibi, masomo yangu ni michezo ya kuigiza ya Wajerumani, ile ya zamani ya wafalme na mabinti waliokatazwa kuolewa, lakini hatukai tukasoma mmoja tukalia, tunaiingiza mamia kwenye kompyuta na kompyuta inachora, kila mtu wa mchezo anakuwa duara, wawili wakisemezana inawaunganisha kwa mstari, anayesema na wengi duara lake linakuwa kubwa na linakaa katikati, asiyesema na watu anasukumwa pembeni anabaki nukta, halafu tunalinganisha michezo ya enzi hii na ya enzi ile, tunaona zamani mfalme alikaa katikati kama buibui na baadaye watu wakajaa jukwaani mpaka katikati hapana mwenyewe, wallahi Bibi ni kazi tamu, naiota, na mwalimu wangu amenipatia nafasi ya kwenda Ujerumani mwaka mzima kuiendeleza na baba akakubali.*

*Sasa siku ya Idi wanawake wa ukoo wote tulikuwa ukumbini kwetu, nikasema hebu nijaribu, nikakaa na simu yangu naandika nani anasema na nani, na jioni nikaiachia kompyuta ichore, ikamweka Shaikha, mke wa ami yangu, katikati, duara kubwa kama sinia, na ikamweka shangazi yangu Rumaitha pembeni kabisa, nukta, na mstari mmoja tu mwembamba uliokuja kwangu, kwa sababu siku nzima neno aliloniambia mimi ni "Sogeza mguu, mwanangu, nipite," na wengine hakuwaambia kitu, yeye ndiye aliyekuwa anamimina kahawa. Nikaona inachekesha. Nikaitia kwenye gurupu la ukoo la simu na uso wa kucheka.*

*Bibi, Shaikha kaichapisha kaibandika mlango wa friji. Shangazi yeye, Ijumaa tulipokusanyika kama kawaida, hatukumwona, nikampigia, akaniambia, "Nukta haimimini kahawa," akakata. Mpaka leo haji kwetu, na yeye ndiye aliyenilea mama alipokuwa kazini. Kahawa sasa anamimina Shaikha, inatufikia baridi kwa maneno yake mengi. Nikamwendea baba, nikamwambia tiketi inatakiwa ikatwe, akanitazama akasema, "Mimi hii safari sikuitaka. Rumaitha ndiye aliyekuja hapa akakusemea mpaka nikakubali. Sasa nenda kamuulize nukta." Na mwisho wa mwezi chuo kinataka jibu.*

*Nimemrekodia ujumbe wa kuomba radhi, hakuufungua. Nimefikiria nitengeneze picha mpya nimtie katikati kwa mkono, nimfanye duara kubwa kuliko Shaikha, niitume kwenye gurupu, nyumba itulie. Lakini itakuwa uongo, na kazi yangu mimi haitaki uongo. Na nimechoka, maana hata chuoni nina nukta nyingine, mtumishi wa kike kwenye mchezo mmoja wa Kijerumani, hasemi ila "Naam, bibi," ingawa maelezo ya jukwaani yanasema yeye ndiye anayewafungulia mlango wote, mchumba kaingizwa na yeye, askari kaingizwa na yeye, na nilitaka kumfuta tu ili picha isafike. Nifanye nini, Bibi? Nimempoteza shangazi yangu na sijui hata kama nitakwenda.*

*Fatin, Nizwa*

Marahaba, Fatin.

Kwanza nikugombeze, nikimaliza nitakupenda. Wewe ulipata picha inayomhusu mama mtu mzima, ukaona inachekesha, ukaitupa mbele ya ukoo mzima kabla hujamwonyesha mwenyewe. Hata mpishi anaonja kabla ya kupakua! Na ulipoharibu mbele ya watu, ukaomba radhi ndani ya simu, peke yako, umejifunika shuka. Hakuufungua huo ujumbe, na mimi nisingeufungua.

Usimpeleke katikati kwa mkono. Hapo umesema kweli na nimekupenda kwa hilo. Rumaitha hakukasirika kwa kuwa nukta ni ndogo. Amekasirika kwamba ulikuwepo, umekaa pale pale, amekupita na dele la kahawa mkononi tangu asubuhi, na hukumwona.

Basi nikuulize. Alipokumiminia finjani yako ukanywa, ukaitikisa, yeye akajua umetosheka akaichukua. Mmesema au hamkusema? Bibi yako mzaa baba anataka ya tatu lakini anaona haya kuomba, Rumaitha anamtazama mkono tu, anamimina. Kuna aliyenuna kona ile, huyo ndiye anayeanziwa kumiminiwa, na kununa kunakwisha. Mwanangu, siku ile amezungumza na kila mwanamke aliyekuwemo ukumbini, na hakuna aliyekatwa maneno. Shaikha kazungumza na wote, sawa, simnyang'anyi duara lake, mdomo ni wake. Lakini nyinyi mlipata nafasi ya kupiga domo kwa sababu kuna mtu hakukaa.

Wala kompyuta isisingiziwe. Wewe uliiambia ihesabu midomo, imehesabu midomo. Na baba yako je? Rumaitha alikwenda kukusemea kwake upande wa wanaume, wewe hukuwepo na simu yako, na mstari ule ndio uliokukatia tiketi. Haukuingia kwenye picha.

Sasa fanya hivi. Jumatano asubuhi Rumaitha huenda soko la wanawake hapa Ibra, nani asiyejua. Mfuate. Mchukulie kapu. Usimtajie duara, usimtajie Ujerumani, usilie sokoni. Akikwambia "Unataka nini?" mwambie, "Nataka unifundishe kumimina." Atakutukana kidogo. Vumilia, mtu akikutukana ameshaanza kuzungumza nawe.

Ijumaa wakikusanyika, dele lishike wewe. Mkono wa kushoto dele, wa kulia finjani, anza kwa shangazi yako, mbele ya Shaikha na wote. Finjani usiijaze! Ukimjazia mpaka juu umemwambia anywe aondoke, na wewe umeshamfukuza mara moja, inatosha. Usikae mpaka wa mwisho atikise. Halafu uje uniambie ulipata kusema maneno mangapi. Mimi najua: "Sogeza mguu, nipite."

Ukimaliza, mbele ya wote wale wale waliocheka, sema: nilihesabu vibaya. Hayo tu. Usihutubie.

Picha mpya ichore, ndiyo, lakini iwe ya kweli: moja ya midomo, moja ya mikono, kila finjani mstari wake. Muonyeshe Rumaitha peke yake kwanza, ukae chini yake, na akisema isiende kwenye gurupu, haiendi. Na yule mtumishi wa Wajerumani ukimfuta nitakuja Nizwa mwenyewe. Mrudishe. Mlango ukifunguliwa, hesabu mlango. Umwambie mwalimu wako mchezo mmoja una picha mbili, na muulize kwa nini hazifanani. Mtu anayekwenda mbali namna ile aende na swali lake mwenyewe.

Baba yako usimsumbue tena. Dada yake akishakunywa kahawa mkononi mwako, atakusemea yeye, kama alivyokusemea mwanzo.

Na wewe Rumaitha, najua unasomewa hii. Umekasirika, ulikuwa na haki, sasa basi. Mtoto umemlea wewe, na macho yake yakipungukiwa ni juu yako kumwonyesha. Na mwonee huruma mama yako, anakunywa kahawa ya baridi ya Shaikha kwa ajili yako.

Fatin, kabla hujapanda ndege upite kwangu, na shangazi yako uje naye. Njooni mlango wa nyuma, wa mbele umekwama. Yeye atakaa, wewe utakaa, dele nitalishika mimi. Simu iache garini, na siku hiyo usihesabu kitu.