Pasi Kabla ya Kola

Shangazi yangu,

Cherehani haijambo? Mimi hapa maabara nacheka peke yangu kama mwehu.

Bakteria wananitengenezea protini, tuseme mwili wa shati, ila kutarizi hawajui. Kile kipande kidogo chenye urembo, kola yake, nakiunda mwenyewe kwa kemikali, kisha naunganisha. Miaka miwili viligoma kushikana! Jana nikakumbuka ulivyokuwa ukinifokea nikikimbilia kushona kola: "We mvivu, piga pasi kwanza!" Kumbe protini ilikuwa imejikunja, imeficha ncha ya kushikia kola. Nikaikunjua, ndipo nikaunganisha. Imeshika, shangazi!

Nilipoondoka ulisema nimeutupa ufundi wako, na tangu siku hiyo hujajibu barua zangu. Sijautupa. Nijibu basi, hata kwa kunigombeza.

Mwanao,
mvivu wa pasi