Mwenye Alishika Ufagio

Kinshasa, 1/12/2025

Francine,

Jambo sana. Afya yako iko namna gani? Watoto? Miye niko muzima, ila roho inaniwaka ju yako.

Leo ku kabine ya waziri, mwenzangu wa kazi alinipitishia simu yake mbele ya wote: "Cédric, huyu si wa kwenu?" Picha ya salongo kule Bukavu, watu wanasafisha barabara ya Nyalukemba, jumamosi tarehe 22. Mwanamuke ameinama na ufagio, anawafagilia wale waasi wenye kuteka muji wetu. Sura haionekane, lakini kitambaa nilikijua: ile ya bleu tulishonesha ju ya matanga ya baba yetu. Iko yako na ya Mama tu, na Mama iko zake kijijini Nyantende na mihogo yake. Haya ilinishika mpaka nikatoka inje.

Andika ku Facebook ya kwamba unajuta. La sivyo, siku ya Noeli, wakati Mama anaweka simu ku meza ndiyo nisalimie kila mutu, wewe usikuwe pale. Nikisikia sauti yako ninakata, na Mama sitamupigia tena. Chagua.

Yaya yako Cédric

Bukavu, 3/12/2025

Yaya Cédric,

Salamu. Umeingia na matusi, lakini nitakujibu: tuko wazima, malaria imeniachilia, watoto wanaimba Noeli tangu asubuhi mpaka kichwa inaniuma.

Nilifagia, ndiyo! Ninafagia tangu mwezi wa tatu, na jumamosi hii nitafagia tena. Kila nyumba inatoa mutu moja. Yenye haitoe, shefu wa avenue, mukubwa wa mutaa, anaandika jina na kulipelekea wale wenye bunduki. Ulitaka niwaambie nini? Ya kwamba yaya yangu, kaka yangu mukubwa, anavaa kravati kwa waziri Kinshasa?

Huku benki zimefungwa. Courant ya umeme inakuja kama mugeni mwenye haraka: inasalimia, inaenda. Ku soko ya Nyawera wanauza miti ya Noeli ya plastiki pembeni ya mishumaa; watu wanashika mti, wanacheka, wananunua mishumaa. Na wakubwa wenu ku radio: "Tutarudi hivi karibuni." Hivi karibuni ya nani? Walikimbia hata kuaga hawakuaga, leo munatufundisha kupenda inchi. Aksanti sana!

Tarehe 24 ninapanda Nyantende na watoto wangu na muchele wangu. Ukitaka kukata, kata. Ni Mama utakosesha raha, si miye.

Dada yako Francine

Kinshasa, 9/12/2025

Francine,

Natumaini watoto wako salama, wao hawana kosa.

Sikuona umeandika kitu. Basi nimeandika miye, nikabandika na ile picha: "Mwanamuke huyu mwenye kushika ufagio si mutu wa kwetu tena. Jamaa yetu imemukana. Asikule na sisi." Watu mia tisa wamependa. Waziri mwenyewe aliniita, akanipa mukono. Ulijitakia.

Cédric

Bukavu, 21/12/2025

Cédric,

Habari ya afya yako sikuulize.

Ile picha sikukuwa nimeiona; kwa hasira nilikujibu bila kuhesabu tarehe. Ni jirani yangu Colombe alinionyesha, chini ya maneno yako. Tarehe 22 nilikuwa ku kitanda na malaria, hata kusimama siwezi. Mama alishuka toka Nyantende kunitunza. Walipopiga filimbi ya salongo, akavaa kitambaa chake, akakamata ufagio: "Lala, miye nitaenda." Miaka sabini na moja. Angalia vizuri, wewe mwenye kusoma sana: huo mugongo ndio ulikubeba.

Niliomba Mungu asijue. Lakini jana, niko naye pale Nyantende, Valérie wa jirani alikuja na simu, akamusomea. Mama akamwambia asome tena. Miye nikaanza kukutetea, mujinga miye! Nikasema: Mama, alizani ni miye.

Akaniangalia. "Kwa hiyo ingekuwa wewe, ingekuwa muzuri?"

Francine

Kinshasa, 24/12/2025

Dada yangu Francine,

Muko namna gani? Nimefuta yote. Sikujua, naapa sikujua. Simu ya Mama haipite tangu siku tatu. Kesho saa sita nitapiga kwako. Weka simu ku meza, tafazali. Niambie tu iko namna gani. Nilikosa kwako pia.

Yaya yako Cédric

Nyantende, 25/12/2025

Cédric,

Noeli njema. Mama iko muzima.

Simu niliweka ku meza, mbele yake, sawa vile uliomba. Ililia mara ine. Watoto walitaka kuitika, akawazuia na mukono. Aliangalia jina yako pale ku simu, akauliza: "Anatafuta nani? Mutu wa kwao hayuko hapa."

Kisha tukakula.

Francine