Tamale Zilizobaki Sufuriani

Nyumba ya bati namba 14,
Nyuma ya reli,
Garden City, Kansas.
7 Februari 2019

Mpendwa dada yangu Domitila,

Shikamoo, mkubwa wangu. Goti lako linaendeleaje? Bado linakunyima usingizi baridi ikishuka kutoka mlimani, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na shemeji Cirilo, kifua kimepoa? Nawaombea kila Jumapili, hata zile ninazosinzia kanisani.

Mimi nipo, nasimama. Vidole vya mkono wa kulia haviamki pamoja nami. Asubuhi navitia kwenye maji ya moto mpaka vikubali kushika kisu, ndipo niende kiwandani kukata nyama. Msimamizi ni kijana wa juzi tu, ananiita babu. Basi, ndiyo hali.

Uliniomba nimpokee mwanao Fidencio akivuka mpaka kuja huku. Sikukujibu kwa simu kwa sababu simu yenyewe unaipokelea dukani kwa Petra, na pale hata wanaonunua sabuni wanasikiliza. Barua hii anakuletea Doña Mercedes, anayekuja kumuuguza baba yake. Isome ukiwa peke yako, kisha umsomee Cirilo.

Kabla sijakujibu habari ya mwanao, lazima nikueleze habari ya mwanangu Wenceslao.

Mwaka huu siku ya Wafalme, wale Mamajusi, tulikata mkate hapa kwangu, kama tulivyofanya siku zote mke wangu Ofelia alipokuwa hai. Mwanasesere anayefichwa ndani ya mkate akatokea kwenye kipande cha Wenceslao. Tulicheka sana, maana huyu mtoto hata yai hajui kukaanga, na sasa, kwa desturi yetu, alikuwa na deni la kutulisha tamale, unga wa mahindi uliofungwa na kupikwa ndani ya maganda yake, siku ya Kandelaria, tarehe mbili Februari. Nilidhani atazinunua kwa yule mama wa sokoni. Hakununua. Alikanda unga mwenyewe, akalowanisha maganda ya mahindi kwenye beseni la nguo, akachafua jiko lote. Nikajiambia, kumbe Ofelia hakuondoka na kila kitu.

Jumamosi, siku yenyewe ya Kandelaria, wakaja majirani, don Hilario ninayesimama naye kwenye mstari kiwandani, na Doña Chole, yule aliyekuwa akimlea Wenceslao mimi na Ofelia tukiwa kazini zamu moja. Wote wawili hawana karatasi za kuishi huku mpaka leo, na hilo unalijua. Mimi nilipata zangu zamani zile serikali ilipofungua mlango, wao wakaja mlango umeshafungwa.

Tamale zilikuwa ngumu. Doña Chole akasema, "Mwanangu, hizi hukuzipika, umezijenga." Don Hilario akasema angechukua mbili akazuie mlango wake usipigwe na upepo. Wenceslao akacheka mpaka akakohoa. Dada, ilikuwa furaha ya kweli, nataka ujue hivyo.

Kisha don Hilario akamuuliza, "Na wewe, utashika kazi ya wanaume lini? Njoo kiwandani tukufundishe kisu."

"Nimeshapata kazi, don Hilario. Naondoka Jumapili ijayo."

"Wapi?"

"Mpakani."

"Unakwenda kuuza nini mpakani? Usiniambie tamale hizi."

Tukacheka tena. Wenceslao hakucheka. Akasema, "Nimeingia katika askari wa mpakani."

Mimi nilisikia pamoja nao, dada. Hakuniambia kabla. Alifikiri akilisema mbele ya watu wanaompenda, akiwa amewapikia, lingepokelewa vizuri zaidi. Alikuwa na furaha usoni kama siku ile alipoleta cheti cha shule.

Don Hilario akatazama dirishani, kana kwamba askari wameshafika kumchukua. Doña Chole alikuwa ameuma tamale mara moja tu. Akairudishia ganda lake, akalikunja vizuri pande zote kama halijafunguliwa, akaiweka sahanini.

"Mimi ndiye niliyekufuta makamasi," akamwambia. "Utanitia pingu kwa mikono hiyo niliyokunawisha?"

"Wewe hukai mpakani, Doña Chole."

"Nilikaa siku moja tu, nikivuka, ikanitosha."

Akashukuru kwa chakula, akachukua shali yake, akatoka. Don Hilario akamfuata bila kuvaa kofia. Unajua kwetu mtu hakatai tamale za aliyepata mwanasesere. Hata waliogombania mashamba huja wakala wakanyamaza. Zetu zilibaki sufuria nzima. Sijawahi kuona nyumba yetu imekataliwa namna hiyo.

Tangu siku hiyo don Hilario ananisalimia kwa kichwa tu. Pale mezani tunapokula kiwandani amehama, anakaa na Wasomali. Wanampa chai yao. Simlaumu.

Kesho yake Wenceslao alikuwa akisugua sufuria. Nikamuuliza kama hakukuwa na kazi nyingine katika nchi nzima hii. Akanijibu kwa Kiingereza, nikamwambia aseme kwa lugha yetu nimwelewe.

Akasema, "Baba, tazama mikono yako. Unataka na yangu iwe hivyo?" Kisha akasema shuleni walimwambia arudi kwao. Na ile likizo nilipomleta kwako, watoto wa kule wakamwita gringo, yaani Mmarekani, wakamcheka alivyokuwa akisema maneno. "Kwetu ni wapi basi? Nikivaa ile nguo hakuna atakayeniuliza tena."

 Jibu lake, dada, nimelitafuta siku zote hizi nikikata mifupa.

Tena kuna hili. Huko kwenye chuo cha hao askari watamfundisha Kihispania. Lugha aliyokuwa akimjibu mama yake nusu nusu, sasa serikali itamlipa aijue, apate kuwaamuru watu wakae chini na wanyooshe mikono.

Sasa anataka nimpe baraka ya safari. Mama alitubariki mimi na wewe mlangoni, na Ofelia angembariki, lakini hayupo, kwa hiyo ni mkono wangu. Amenikumbusha mara mbili. Nimemwambia tutaona. Nikimbariki, nawabariki vipi Doña Chole na Fidencio? Nikimnyima, ataondoka kama mtu asiye na watu, na atakuwa hivyo kweli. Wewe ni mama yake wa ubatizo. Ungekuwa hapa ningekusukumia mzigo huu.

Naishia hapa kwa leo, vidole vimegoma.

Jumapili, tarehe 10

Ameondoka.

Asubuhi aliweka mfuko wake mlangoni, akasimama. Nikajifanya natafuta funguo. Akasema, "Baba, nimechelewa," lakini hakuondoka. Kisha akapiga magoti pale kwenye kapeti, mwanamume mzima, mabega yake yameujaza mlango. Hakuna aliyemfundisha hilo shuleni. Amelitoa humu ndani.

Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikamchora msalaba kwenye paji la uso, nikasema maneno ya mama yetu: Mungu akutangulie, Bikira akufunike, urudi kama ulivyotoka. Hapo kwenye kurudi kama alivyotoka nilirudia mara ya pili. Nilimaanisha, dada. Kila neno.

Akainuka, akaenda ukutani karibu na televisheni, akaitoa picha ya Fidencio, ile aliyopigwa juu ya farasi siku ya maonyesho. Akaitia mfukoni mwa shati.

Nikamuuliza, "Ya nini hiyo?"

"Nimjue nikimwona."

Akanibusu mkono, akaingia garini. Sikumuuliza akimwona atamfanya nini. Mdomo ulikuwa umeshafunguka niulize, nikaufunga. Naogopa alikuwa na jibu, na naogopa zaidi kwamba hakuwa nalo.

Basi hili ndilo jibu langu. Mwambie Fidencio asije. Si kwamba namfungia mlango. Kitanda cha Wenceslao kipo, na blanketi nimeshalifua. Lakini sitaki watoto wetu wawili wakutane kule jangwani, mmoja na taa na mwingine na kiu. Akilia kwamba hapo hakuna kazi, mpe barua hii asome.

Jioni nilipeleka mbili katika zile tamale mlangoni kwa Doña Chole. Nilikuwa nimezigandisha. Alifungua mlango kidogo, akazipokea, akaufunga. Kama alizila sijui.

Msalimie sana shemeji Cirilo, na shangazi Eduviges kama bado anakumbuka majina, na Petra wa dukani, ila yeye usimwambie lolote. Safisha kaburi la mama kwa niaba yangu. Mwombee mwanao wa ubatizo, au mkasirikie, lakini usimwache.

Pale ukutani pamebaki alama nyeupe. Nitumie picha nyingine ya Fidencio.

Mungu alinde paa lako na walio chini yake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Eleuterio